Uongozi mpya ukiingia kazini: kabla ya kusoma nyuso, soma slipu ya mshahara

Uongozi ukibadilika kazini, kitu cha kwanza kuharibika ni usingizi, cha pili ni kazi yenyewe. Watu wanahamia korido. Mlango wa ofisi kubwa ukifungwa kuna anayehesabu walioingia, na anayetoka amenuna anakuwa ameshafukuzwa midomoni mwa wenzake kabla hajafika mezani kwake. Hofu hiyo haikutoka hewani, kwa kuwa uongozi mpya mara nyingi huletwa kupunguza gharama, na mishahara ni gharama kubwa. Ila mambo yakishatulia, ukiwatazama walioumia utakuta wengi hawakuumizwa na uongozi mpya peke yake. Yupo aliyetia saini barua bila kuisoma, yupo aliyejiuzulu kwa hasira siku chache kabla ya wenzake kulipwa mafao yao, yupo ambaye siku zake za likizo zilipotea mfumo wa kompyuta ulipobadilishwa, na yupo aliyechukua mkopo wa miaka mitano mwezi uleule wa tangazo. Hayo yote yanazuilika, na kinachoyazuia ni karatasi zaidi kuliko ujasiri.

Kwanza jua ni mabadiliko ya aina gani, maana watu hulia msiba mmoja kwa vifo tofauti. Kama aliyebadilishwa ni mkurugenzi au meneja tu, mwajiri wako ni yuleyule na mkataba ni uleule. Bosi mpya hawezi kuufuta kwa sababu tu hakuwepo ulipotiwa saini. Kama zimeuzwa hisa, wenye kampuni wamebadilika lakini kampuni yenyewe kisheria ipo palepale, kwa hiyo mkataba na miaka yako ya utumishi vinaendelea. Penye miiba ni pale mnunuzi anapochukua biashara au mali, yaani mitambo, jengo, wateja na jina, huku kampuni ya zamani ikiachwa na madeni yake na mikataba ya watu. Afrika Kusini, kifungu cha 197 cha sheria ya mahusiano ya kazi ya 1995 kinahamisha wafanyakazi pamoja na biashara inayouzwa ikiwa hai, yaani ikiendelea kufanya kazi, na Uingereza ina kanuni za 2006 zenye shabaha hiyohiyo. Kwingine hakuna uhamisho wa moja kwa moja: unaachishwa na mwajiri wa zamani, unaajiriwa upya na mpya, ukiwa na bahati.

Namna rahisi ya kutambua uko wapi ni kulinganisha slipu mbili za mshahara, ya mwezi kabla ya mabadiliko na ya mwezi baada yake. Tazama jina la mwajiri pale juu. Fanya hivyo pia kwenye taarifa ya michango yako ya hifadhi ya jamii. Nembo ya getini inaweza kupakwa rangi mara tatu bila mkataba wako kuguswa, lakini jina la kwenye slipu likibadilika na hujapewa barua yoyote, hilo ni jambo la kuuliza kwa maandishi siku hiyohiyo. Usiulize kama utafukuzwa. Hakuna afisa utumishi atakayekujibu hilo, na wakati mwingine yeye mwenyewe hajui kama atabaki. Uliza yanayojibika: mwajiri wangu kisheria sasa ni nani, miaka yangu ya nyuma inahesabiwa au inaanza upya, siku zangu za likizo ambazo sijachukua zimeandikwa wapi, na michango yangu inapelekwa kwa jina gani.

Hilo la miaka kuanza upya si la kupuuza. Sheria nyingi za kazi zinampa mtu ulinzi kwa kadiri ya muda aliokaa. Tanzania, kwa mfano, mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri hapati ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki kama walionao wengine, na kiinua mgongo hudaiwa na aliyetimiza angalau miezi kumi na miwili. Kwa hiyo mkataba mpya wenye kipindi cha majaribio na tarehe mpya ya kuanza kazi unaweza kumshusha mtu wa miaka tisa akawa sawa na aliyeingia jana, na mshahara usipungue hata shilingi. Sentensi inayokulinda ni fupi: utumishi wako tangu tarehe fulani unatambuliwa na mwajiri mpya kwa mafao yote. Ikikosekana, iombe iandikwe. Ya mdomo haitafika mwaka ujao.

Turudi kwenye slipu, maana pale ndipo hila nyingi hupitia. Chukua mtu anayelipwa 1,000,000 kwa mwezi, mshahara wa msingi ukiwa 800,000 na posho 200,000. Barua mpya inamwambia ataendelea kupata 1,000,000 ileile, ila sasa msingi ni 500,000 na posho 500,000. Mkononi haoni tofauti ya maana. Lakini kiinua mgongo na malipo badala ya notisi, mahali pengi, hupigwa kwa mshahara wa msingi. Akiwa na haki ya siku 15 kwa kila mwaka na ametimiza miaka sita, hizo ni siku 90, yaani miezi mitatu: kwa msingi wa zamani ni 2,400,000, kwa msingi mpya ni 1,500,000. Ile saini moja imemgharimu 900,000, na hapo hatujagusa notisi wala michango ya pensheni pale inapokatwa kwenye msingi. Ndiyo maana ukiletewa barua ya "kupanga upya muundo wa mishahara", jumla ya chini iache kwanza, angalia mstari wa msingi.

Kusanya nyaraka zako mapema, wiki ya kwanza kama inawezekana. Barua ya ajira, mkataba, barua ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo na nyongeza ya mshahara, slipu za miezi kumi na miwili hadi ishirini na nne, tathmini za utendaji, maelezo ya kazi, barua zozote za onyo na majibu yako, na kumbukumbu za saa za ziada ambazo hazijalipwa. Haraka inatokana na jinsi mambo yanavyokwenda: ofisi ya utumishi ni miongoni mwa za kwanza kupanguliwa, mfumo wa zamani unafungwa, barua pepe za kazi zinahamishwa, na katika kuhamisha huko masalio ya likizo ndiyo hupotea kirahisi kuliko chochote. Andika ujumbe mfupi: "Naomba kuthibitishiwa idadi ya siku zangu za likizo hadi mwisho wa mwezi huu." Jibu lake lihifadhi nje ya kompyuta ya ofisi.

Mpaka upo, na wapo wanaouvuka kwa woga. Karatasi zinazokuhusu wewe ni zako. Orodha ya wateja, bei, michoro, taarifa za fedha, hata kama wewe ndiye uliyeziandaa, si zako. Anayejitumia mafaili hayo kwenye barua pepe binafsi anaweza kuwa amempa mwajiri sababu halali ya kumfukuza na akapoteza baadhi ya mafao, na mifumo mingi ya siku hizi inatunza kumbukumbu ya kila faili lililotoka.

Sasa kuhusu kazi yenyewe. Bosi mpya hakujui. Alichonacho ni jedwali lenye jina lako, cheo, mshahara na tarehe ya kuajiriwa, na wakati mwingine cheo chenyewe kimepitwa na wakati. Akitafuta pa kupunguza, anaanza na mistari asiyoielewa. Kwa hiyo kinachofaa sana katika wiki za mwanzo ni ukurasa mmoja unaoeleza unafanya nini, ulioandikwa kwa namna ambayo mtu asiyejua kitengo chenu ataelewa. Tatizo ni kwamba wengi huandika "Nasimamia masuala yote ya stoo na kuhakikisha ufanisi", maneno ambayo hayamwambii msomaji lolote. Mtunza stoo anayejua anachokifanya angeandika hivi:

"Kila siku saa 2 hadi saa 4 asubuhi napokea mzigo, naulinganisha na oda na delivari noti, naingiza kwenye mfumo kabla ya saa 6 mchana. Ikichelewa, watu wa mauzo wanaona bidhaa haipo na wanamrudisha mteja wakati mzigo uko ndani. Kila Ijumaa nahesabu bidhaa 40 zinazotoka haraka. Tofauti ikizidi asilimia 2 namwandikia mhasibu. Mwisho wa mwezi natoa orodha ya bidhaa zitakazoisha muda ndani ya siku 90, ili ziuzwe kwanza. Msaidizi wangu anaweza kunishikia yote isipokuwa hiyo orodha ya mwisho, na namfundisha."

Tazama kilichomo: saa, idadi, anayetegemea kazi hiyo, na kinachoharibika isipofanyika. Sentensi ya mwisho ndiyo watu huiogopa, wakidhani kufundisha mwingine ni kujichimbia kaburi. Kwa kawaida huwa kinyume. Anayeficha nywila na kukalia maarifa ili aonekane hakosekani, uongozi mpya humhesabu kama hatari inayopaswa kuondolewa, na jambo la kwanza wanalofanya ni kumwekea mtu wa pili pembeni yake. Anayeacha kazi yake ikiwa wazi hupewa kazi ya kuwaonyesha wengine. Si mara zote, lakini mara nyingi kuliko yule wa kwanza.

Kwenye kikao cha kwanza na bosi huyo, ambacho kinaweza kuwa cha dakika kumi na tano tu, usiingie na malalamiko ya miaka mitatu. Usimseme bosi aliyeondoka na usiwachongee wenzako. Anayesikiliza anajifunza zaidi kuhusu wewe kuliko kuhusu hao unaowataja. Uliza anataka ripoti zipi na kila lini, na kitu gani katika kitengo chenu kikirekebishwa ndani ya miezi mitatu kitampunguzia mzigo. Kisha kifanye hicho, hata kama wewe ungeanza na kingine. Maneno "sisi hapa huwa tunafanya hivi" yaweke kabatini kwa muda. Kama utaratibu wa zamani una sababu nzuri, itaje sababu yenyewe: tunasubiri saini mbili kwa sababu benki inakataa hundi yenye saini moja. Hapo anasikia sababu, si ukaidi.

Uvumi hautaisha, kwa hiyo upange. Kila unalosikia liweke katika moja ya mafungu matatu: nimeambiwa, nimeliona kwenye maandishi, limeshaamuliwa. Uamuzi wowote wa pesa au wa kuacha kazi usiutoe kwenye fungu la kwanza. Na yale makundi ya simu ya wafanyakazi, andika humo kana kwamba meneja mpya yumo, maana picha ya skrini husafiri haraka kuliko aliyeituma. Kama kuna chama cha wafanyakazi au mwakilishi, maswali yapitie kwake yakiwa yameandikwa. Swali la watu hamsini lina uzito, na halimchongei mtu mmoja.

Zipo dalili za kweli za kupunguza watu. Nafasi zinazoachwa wazi hazijazwi, saa za ziada zinasimamishwa, mikataba ya muda inaachwa iishe bila kuongezwa, idhini ndogondogo za matumizi zinapandishwa hadi juu, wanakuja watu wa nje kuuliza kila mmoja anafanya nini kwa siku, na mchoro mpya wa muundo unatoka ukiwa na vyeo bila majina. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito zaidi, kwa sababu mara nyingi inafuatwa na tangazo kwamba kila mtu aombe upya nafasi yake. Omba. Wapo wanaokataa kwa kuona wamedharauliwa, na kukataa huko kunaweza kuja kusomwa kama wamejiondoa wenyewe. Kinyume chake, kubadilishwa kwa sare, viti au saa za mikutano si dalili ya chochote.

Ukiletewa barua ya kutia saini, kataa kuharakishwa, usikatae barua. Sema unaomba muda wa kuisoma, siku mbili au tatu, na uondoke na nakala. Wakisisitiza uthibitishe kwamba umeipata, andika juu ya saini yako: "Nimepokea tarehe fulani, sijakubali yaliyomo." Barua za kuondoka kwa hiari zinahitaji kikokotoo kabla ya kalamu. Jumlisha unachodai hata bila hiari hiyo, yaani mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya notisi, likizo iliyobaki, kiinua mgongo na madai ya saa za ziada. Jumla hiyo ndiyo sakafu. Wanachokupa kikiwa sawa na sakafu, hawajakupa chochote cha ziada kwa hiari yako. Na soma ile sentensi ya mwisho, inayosema malipo haya ni ya mwisho na huna dai lingine lolote. Ukishaitia saini, kufungua dai baadaye ni kazi ngumu mno.

Kujiuzulu kwa sababu ya hofu ndiko kunakowapotezea watu fedha nyingi, kwa maana aliyejiuzulu mwenyewe mara nyingi hana kiinua mgongo wala malipo badala ya notisi, na huenda yeye ndiye akadaiwa notisi. Kama unasukumwa utoke, umenyang'anywa majukumu, umehamishwa bila sababu, umepunguziwa mshahara, lalamika kwa maandishi ukiwa bado kazini. Sheria za nchi kadhaa humhesabu aliyelazimishwa kuacha kazi kama aliyeachishwa, lakini ataulizwa kama aliwahi kulalamika, na lini.

Upande wa sheria, Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unasema ajira isikatishwe bila sababu halali inayohusu uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya uendeshaji. Si kila nchi imeuridhia, ila wazo hilo limeenea. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inadai notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na afisa wa kazi kabla ya kupunguza watu, inataka wanaopunguzwa wachaguliwe kwa kuangalia ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na kuaminika, na kiinua mgongo kisipungue siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Sheria ya Tanzania ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu, na ashauriane kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza zoezi hilo. Kiwango chake cha chini cha kiinua mgongo ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, hadi miaka kumi. Ushauriano huo ndio nafasi ya kupendekeza njia nyingine: kupunguza saa, likizo bila malipo, kuhamishwa kitengo. Wakikuita kwenye kikao na majina yameshachapwa, hayo si mashauriano, na uandike kwamba orodha ilikuwepo.

Pesa. Orodhesha matumizi ya mwezi yasiyokwepeka na uyajumlishe. Jumla hiyo mara tatu ndiyo akiba ya kulenga, na kama ni mlima, anza na ya mwezi mmoja. Mkopo mpya usichukue, wala usimdhamini mtu kwenye chama cha kuweka na kukopa hadi mambo yajulikane. Ule wa zamani unaokatwa kwenye mshahara, uliza benki mambo mawili: ajira ikikoma salio lote linadaiwa kwa mkupuo kutoka kwenye mafao au makato yanaweza kupangwa upya, na bima ya mkopo inafidia nini. Watu wengi hudhani bima hiyo inafidia kupoteza kazi, kumbe mara nyingi ni kifo na ulemavu tu. Kama matibabu yako yanalipwa na bima ya kazini, vipimo na miwani ulivyokuwa ukiahirisha vimalize sasa, na uulize bima inakoma siku ya mwisho kazini au mwisho wa mwezi. Mwenzi wako mwambie mapema. Kuficha kunafanya nyumba iendelee kutumia kwa kasi ileile.

Kutafuta kazi kwingine kimyakimya si usaliti. Wasifu wako uandike sasa ukiwa bado unazikumbuka takwimu za ulichofanya, kwa kompyuta yako na si printa ya ofisi. Bosi aliyeondolewa usimkwepe kwa kuogopa kuonekana naye. Yeye ndiye anayejua kazi yako, na namba yake ya ofisini itazimwa. Chukua namba yake binafsi, na kama yuko tayari, barua ya utambulisho kabla hajaondoka.

Waliobaki nao wana shida yao, kwani kazi ya watu watatu huangukia mmoja. Ukiongezewa majukumu, yaorodheshe na umwombe bosi kwa maandishi apange lipi litangulie na lipi lisubiri. Ukikaimishwa nafasi, dai barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na posho ya kukaimu. Kukaimu bila barua kunaweza kwenda hadi miaka miwili, kisha nafasi ikapewa mtu kutoka nje.

Na kama barua ya kuachishwa imekufikia, siku hiyo usibishane na aliyeileta, mara nyingi katumwa. Soma sababu iliyoandikwa, tarehe ya mwisho kazini, na mchanganuo wa malipo mstari kwa mstari. Rudisha vifaa kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili, maana kompyuta moja "isiyoonekana" inatosha kuchelewesha mafao kwa miezi. Omba cheti cha utumishi na uhakiki tarehe zake, kwa kuwa mwaka mmoja ukikosewa pale utakusumbua kwa mwajiri ajaye na kwenye mfuko wa pensheni. Kisha hesabu siku: muda wa kupeleka mgogoro huwa mfupi kuliko watu wanavyodhani. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo hazisimami eti kwa sababu ofisi ya zamani imekuahidi kwamba suala lako linafanyiwa kazi.